Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Uhakiki wa Makala Zinazoupima Utabibu wa Arusha kwa Takwimu

I

Kati ya mwaka 2005 na mwaka 2010 majarida kadhaa ya ng'ambo yalitoa mfululizo wa makala zinazohusu jambo moja, nalo ni namna ya kupima ubora wa kazi ya daktari katika Mkoa wa Arusha. Waandishi wake wakuu ni wawili: Kenneth L. Leonard, mchumi wa Chuo Kikuu cha Maryland nchini Marekani, na Melkiory C. Masatu wa Kituo cha Maendeleo ya Elimu ya Afya kilichoko Arusha. Na mahali pengine wameungana na wenzao. Makala hizi zimesomwa sana na wachumi na watu wa mipango ya afya. Kwa mwanafunzi wa lugha zaweza kuonekana kama shamba la jirani, lisilomhusu. Lakini zikiondolewa hesabu, kitu kinachobaki chini yake ni maneno: swali alilouliza tabibu, jibu alilotoa mgonjwa, na masimulizi ya mgonjwa huyo dakika chache baadaye, akiwa ametoka chumbani na kuulizwa yaliyopita ndani. Kazi iliyojengwa juu ya maneno yastahili kuhakikiwa na wenye kuyachunguza maneno.

Yafaa kwanza kueleza kazi yenyewe. Watafiti walitumia njia tatu. Katika njia ya kwanza, mmoja wao hujifanya mgonjwa, na daktari, huku akijua kwamba ni majaribio, humwuliza maswali kama ambavyo angemwuliza mgonjwa wa kweli. Njia hii hupima ujuzi. Katika njia ya pili mtafiti huketi ndani ya chumba cha daktari na orodha mkononi, akatia alama kila jambo lililofanywa na kila jambo lililoachwa. Katika njia ya tatu mgonjwa wa kweli huulizwa akitoka: je, daktari alikuuliza ugonjwa ulianza lini? Je, alikuangalia kifua? Je, alikueleza ugonjwa wako? Orodha hufuata dalili. Mwenye homa ana maswali yake, mwenye kikohozi yake, na mwenye kuharisha yake. Daktari hupata alama kwa kadiri ya mambo aliyoyatimiza katika yale yaliyompasa.

Hapo ndipo modeli ya kitakwimu inapoingia, maana alama hizo peke yake hazisemi neno. Daktari mmoja siku hiyo amepata watoto wenye homa, mwenziwe amepata wazee wenye kikohozi. Mmoja yuko mjini, mwingine yuko mbali na barabara. Mmoja ameajiriwa na serikali, mwingine na kanisa. Modeli hufanya kazi kama ya kadhi agawaye mirathi. Hutazama jumla ya tofauti zilizopo baina ya daktari na daktari, kisha hukipa kila kisababishi fungu lake: fungu la ugonjwa, fungu la mgonjwa, fungu la ujuzi wa daktari, fungu la shirika alilomo, na fungu la mwisho, lisilo na mwenyewe, ambalo huachiwa bahati. Mfano huu wa mirathi una faida moja ambayo itahitajiwa baadaye katika uhakiki huu. Kadhi aweza kuwa mwadilifu kabisa, na hesabu yake ikawa sahihi mpaka tarakimu ya mwisho, na bado mgawanyo ukawa na kasoro, kwa kuwa yuko mrithi ambaye hakutajwa mbele yake.

II

Tokeo kubwa la mfululizo huu limo katika makala ya mwaka 2006. Watafiti waliona kwamba alama za daktari zilikuwa zikishuka kadiri wagonjwa walivyozidi kuingia. Wakajiuliza: amechoka, au ametuzoea? Ili kupata jibu, wakawahoji wagonjwa waliotibiwa kabla ya wao kuingia na wale waliotibiwa baada ya wao kuingia. Kwa ushahidi wa wagonjwa hao, ubora ulikuwa umetulia kabla watafiti hawajafika. Ulipanda kwa pointi 13 za asilimia pale walipofika. Kisha ukashuka polepole, na baina ya mgonjwa wa 10 na wa 15 ukakaribia kuwa kama ulivyokuwa kwanza.

Wataalamu huliita jambo hili athari ya Hawthorne, kwa jina la kiwanda cha kampuni ya Western Electric kilichokuwa karibu na Chicago, ambamo uchunguzi wa wafanyakazi ulifanywa kati ya mwaka 1924 na mwaka 1932. Ilisimuliwa kwamba wafanyakazi wale waliongeza bidii kwa sababu tu walikuwa wakitazamwa. Jina hilo lina bahati kuliko ushahidi wake. Mwaka 2011 Steven Levitt na John List waliyapitia upya majedwali ya majaribio ya taa yaliyofanywa kiwandani humo, wakakuta kwamba dalili za athari hiyo ni hafifu kuliko ilivyosimuliwa. Kwa hiyo lisemwalo kuhusu Chicago huenda limethibitika Arusha kwa uzito zaidi kuliko huko lilikopewa jina.

Na Mswahili hakuhitaji kungoja Chicago. Amesema tangu kale: mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hii hutumika zaidi kwa furaha: mgeni akija, kuku huchinjwa, na watoto wa nyumba ambao hawakutazamia kitoweo nao hupata finyango. Katika zahanati, mwenyeji aliyepona kwa kuja mgeni ni mgonjwa, na hapa neno *kupona* larudi katika maana yake ya asili, maana ya afya. Methali ya pili yasema: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hiyo nayo ni ile nusu ya pili ya tokeo, kwamba ugeni una kikomo, na nyumba hurudi katika desturi yake. Methali zilisema hali itakuwaje. Hazikusema kwa kiasi gani wala kwa muda gani. Fadhila ya takwimu ni kuongeza hayo mawili: pointi 13, na wagonjwa 10 hadi 15. Mchango huo ni mdogo kwa idadi ya maneno, lakini ni mkubwa kwa mwenye kupanga, kwa kuwa sasa ajua kwamba asubuhi moja ya ukaguzi humwonyesha kibaba cha tele, na kwamba kibaba cha mfuto, kile ambacho watu wa mahali pale hupimiwa kila siku, hakionekani mpaka mgeni azoeleke.

Makala ya mwaka 2010 yaendelea kutoka hapo kwa werevu. Badala ya kuihesabu athari hiyo kuwa uchafu ulioingia katika kipimo, waandishi waifanya kuwa kipimo chenyewe. Daktari anapotazamwa huonyesha upeo wa awezalo. Anapozoea huonyesha alifanyalo. Tofauti ya mawili hayo ni pengo kati ya uwezo na utendaji, nalo lapimwa kwa daktari yule yule, katika chumba kile kile, si kwa kumlinganisha na mtu mwingine aliyesoma zaidi au aliye na vifaa zaidi. Tokeo lao ni kwamba yako mashirika yaliyofaulu kuwafanya madaktari wao watende kwa kiwango kilicho karibu na upeo wao, na yako ambayo pengo lake ni pana. Makala nyingine ya mwaka huo huo yaonyesha kwamba wako matabibu, sehemu isiyodharaulika, ambao hufanya kazi njema wawe wanatazamwa au hawatazamwi, na wanapatikana hata pale ambapo hakuna anayewalipa kwa wema huo.

Kwa Tanzania hili si jambo dogo. Utabibu wa kibinafsi wa kutafuta faida ulipigwa marufuku mwaka 1977, miaka 10 baada ya Azimio lililotangazwa katika mji huo huo wa Arusha, ukaruhusiwa tena mwaka 1991. Tangu hapo mgonjwa anayeteremka kutoka miteremko ya Mlima Meru aweza kuchagua baina ya zahanati ya serikali, hospitali ya kanisa na chumba cha daktari binafsi, kama ana nauli na fedha ya kulipa. Na kati ya mwaka 2007 na mwaka 2017 nchi ilikuwa na Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi, uliokusudia kila kijiji kiwe na zahanati na kila kata iwe na kituo cha afya. Makala hizi zasema, kwa lugha ya tarakimu, kwamba majengo na mafunzo hayatoshi. Kwamba nyuma ya meza yuko mtu ambaye tayari ajua zaidi ya anavyotenda.

III

Baada ya sifa, yaja maswali. La kwanza latokana na neno moja ambalo ni mzizi wa kazi yote: *kupima*.

Katika Kiswahili mtu hupima unga kwa kibaba, hupima shamba kwa kamba, hupima joto kwa kipimajoto; na daktari naye humpima mgonjwa. Neno hili hubeba mambo ambayo katika orodha ya mtafiti yametengwa mbalimbali. Kumgusa mgonjwa tumbo ni kumpima. Kumwekea chombo kifuani ni kumpima. Kumtoa damu na kuipeleka maabara ni kumpima vile vile, na kwa watu wengi leo maana hii ya mwisho ndiyo iliyotangulia nyingine zote. Mtu akisema “nimekwenda kupima,” msikilizaji hufikiri damu. Basi mama anayetoka chumbani akiulizwa kama daktari alimpima, aweza kujibu *hapana* kwa kuwa hakutolewa damu, hali daktari alimkagua mwili vizuri. Na mwingine aweza kujibu *ndiyo* kwa kuwa alitolewa damu, hali daktari hakuinua macho yake kutoka kwenye karatasi. Majibu hayo mawili yakiingia katika hesabu, daktari mwema amepunguzwa na mvivu ameongezwa.

Neno la pili ni *homa*. Orodha ya mtafiti hufunguliwa na dalili: aliyekuja na homa, daktari wake yampasa kuuliza haya na haya. Lakini *homa* katika vinywa vya watu si joto la mwili peke yake. Ni malaria; ni maumivu ya viungo; ni kujisikia vibaya kusikokuwa na jina jingine. Vivyo hivyo *kifua* ni sehemu ya mwili, ni kikohozi, na pengine ni ugonjwa mzito ambao watu hawapendi kuutaja. Tabibu mzoefu wa Usa River au Ngaramtoni huelewa kwa namna mtu anavyosema, na kwa anavyojishika, ni homa ipi iliyokusudiwa. Akiacha swali la orodha kwa sababu hiyo, amefanya kazi yake. Lakini katika jedwali ameacha pengo. Orodha hupima utii kwa orodha. Kwamba utii huo na utabibu mwema hukaribiana mara nyingi, ni kweli. Kwamba ni kitu kimoja, makala hazikuthibitisha.

Neno la tatu ni *kuridhika*. Makala ya mwaka 2008 yauliza kama uradhi wa mgonjwa hufuata mabadiliko ya ubora, na kwa kutumia ile ile athari ya mgeni yafikia kuonyesha kwamba mgonjwa hutambua pale juhudi ya daktari inapoongezeka. Tokeo hili lafariji, kwa sababu lawapa wagonjwa heshima ya kuwa na akili. Hata hivyo, kuridhika kwa Kiswahili hukaa karibu na radhi, na radhi ni neno la uhusiano baina ya watu kabla ya kuwa neno la hukumu juu ya kazi. Mtu aweza kumridhia daktari kwa kuwa alimwitikia *shikamoo* kwa upole, akamwambia *pole, mama*, akamkaribisha kiti. Aweza kutoridhika na daktari aliyetimiza orodha nzima kwa sauti ya ukali. Malalamiko ambayo husikika mara kwa mara juu ya hospitali za nchi hii hutajwa kwa neno la lugha: watu husema walipewa *lugha chafu*, au *lugha mbaya*. Kwa mgonjwa, basi, lugha haiko kando ya huduma. Ni sehemu ya huduma. Na yuko mgonjwa wa aina nyingine, mzee aliyelelewa kwamba kumsema vibaya aliyekusaidia ni utovu wa adabu. Huyo atajibu kwamba ameridhika, hata akiwa anarudi nyumbani na maumivu yale yale.

Kisha yako mambo ya lugha nyingine. Kuuzunguka Mlima Meru, watu wengi huanza maisha katika Kimeru, ambacho ni lugha ya Kibantu iliyo jirani na Kichaga, au katika Kiarusha, ambacho ni tawi la Kimaasai na hakina udugu na Kibantu. Kiswahili chao ni kizuri, lakini bibi wa Poli au wa Oldonyo Sambu hasimulii maumivu kwa Kiswahili kama asimuliavyo kwa lugha ya mama yake. Atakumbuka zaidi aliyoulizwa katika lugha anayoiota. Katika hoja kuu za makala hizi lugha haikupewa nafasi. Hiyo ndiyo sura ya yule mrithi ambaye hakutajwa mbele ya kadhi. Fungu lake halikupotea, limeingia katika mafungu ya wengine.

IV

Haki yataka hapa kuwapa waandishi utetezi ambao wao wenyewe hawakuuhitaji kuuandika, kwa kuwa umo ndani ya mpango wa kazi yao. Makosa ya maneno yaliyotajwa hapo juu ni makosa ya kudumu. Kama neno *kupima* lilieleweka vibaya, lilieleweka vibaya kwa mgonjwa aliyetibiwa kabla ya watafiti kufika na kwa yule aliyetibiwa baadaye. Mizani iliyoibiwa robo huiba robo kwa mteja wa kwanza na kwa wa pili. Uzito wa kila mmoja ni wa uongo, lakini nani amenunua zaidi, yajulikana. Kwa hiyo lile tokeo la pointi 13 halivunjwi na hoja ya lugha, kwa sababu lenyewe ni tofauti ya hali mbili, wala si kiwango cha hali moja.

Mpinzani aweza kusema: mgonjwa naye hubadilika mgeni akiwapo, akiona mtu wa tatu chumbani huwa makini, hukumbuka zaidi, na hivyo hutoa alama nyingi zaidi. Hoja hii ni nzuri, lakini yajibiwa na ile nusu ya pili ya tokeo. Mgonjwa wa 15 ni mpya mbele ya mtafiti sawasawa na mgonjwa wa kwanza. Yeye hakuzoea lolote. Aliyekaa na mgeni tangu asubuhi ni daktari. Ikiwa alama zashuka kutoka mgonjwa hadi mgonjwa, aliyezoea ni yeye, si wao. Lingebaki shaka moja tu, kwamba mtafiti mwenyewe huchoka kuandika. Na hapo msaada ni ule ushahidi wa wagonjwa waliotangulia, ambao haukuonyesha kushuka kwa namna hiyo.

Lakini ngao hii haifuniki kazi yote. Yafunika kila mlinganisho wa daktari na nafsi yake. Haifuniki mlinganisho wa mahali na mahali. Pale makala zinapoweka zahanati za vijijini upande mmoja na hospitali za mjini upande wa pili, au mashirika ya dini upande huu na serikali upande ule, mizani si ile ile tena. Mjini wagonjwa wana Kiswahili cha shule, wamezoea maswali ya fomu, na *kupima* kwao kwaweza kuwa na maana moja; juu ya mlima kwaweza kuwa na nyingine. Tofauti iliyoandikwa chini ya jina la shirika huenda, kwa sehemu, ni tofauti ya usemi. Kiasi cha sehemu hiyo hakijulikani mpaka kipimwe, na kukipima si kazi ngumu: swali lile lile lingeulizwa kwa maneno mawili tofauti kwa wagonjwa waliochaguliwa kwa kura, majibu yakalinganishwa. Hii ni kazi ambayo mchumi na mwanaisimu wangeifanya pamoja kwa gharama ndogo.

V

Swali la pili lahusu tarakimu zenyewe zinaporudi kwa Kiswahili. Makala zote zimeandikwa kwa Kiingereza. Habari zake zinapofika kwenye mkutano wa halmashauri, au katika gazeti, hufika kwa tafsiri, na katika tafsiri hiyo hatari ni tatu.

Ya kwanza ni *asilimia*. Kusema ubora ulipanda kwa asilimia 13 si sawa na kusema ulipanda kwa pointi 13 za asilimia. Mathalan, alama ikitoka 50 katika mia ikafika 63, imepanda kwa pointi 13, lakini kwa asilimia 26 ya ilivyokuwa. Mwandishi asiyetenganisha mambo haya humdanganya msomaji kwa nusu nzima bila ya kukusudia. Ya pili ni lile neno ambalo wanatakwimu hulitumia kwa tokeo lisiloweza kuelezwa kwa bahati tu. Limezoea kutafsiriwa kwa *muhimu*, na diwani akisikia tofauti *muhimu* hudhani ni tofauti kubwa yenye uzito kwa maisha ya watu, hali yaweza kuwa ndogo sana lakini ya yakini. Lingefaa zaidi *yakini*, au maelezo ya wazi kwamba tofauti hiyo si ya bahati. Ya tatu ni *uwezekano*. Neno hili latumika kwa jambo ambalo laweza kutokea na vile vile kwa kiasi cha kutarajiwa kwake. “Kuna uwezekano” haimwambii mtu kama ni mara moja katika mia au mara tisini.

Na lile neno *modeli* lenyewe? Wako wapendao *kielelezo*, lakini hilo limekwisha kuchukuliwa na picha na mifano ya vitabuni. *Kiolezo* ni neno la fundi: ni ile sampuli anayoifuata akikata mbao au kitambaa, nalo laashiria kwamba kitu hufuata mfano, hali katika takwimu ni mfano unaokifuata kitu. *Modeli*, ingawa ni geni, halina deni hilo. *Takwimu* nalo lilikuja kutoka Kiarabu, ambako latumika kwa kalenda, na leo hakuna mkulima wa Arumeru anayelistaajabia. Maneno ya elimu huzoeleka yakitumiwa mbele ya watu wanaohusika nayo. Yakibaki katika majarida ya ng'ambo, hubaki mageni milele.

VI

Mambo haya yasingekuwa na haraka kama yangebaki katika karatasi. Lakini mwaka 2015 serikali ilianza kuvipanga vituo vya afya ya msingi kwa nyota, kutoka sifuri hadi tano, kwa kuvikagua kimoja kimoja; na kati ya mwaka 2017 na mwaka 2018 vikakaguliwa tena. Nyota ni uamuzi. Kituo kilichopata chache hupewa mpango wa kujirekebisha, na mganga wake huulizwa maswali. Mkaguzi wa nyota ni mgeni, na mgeni wa siku moja. Kama makala za Arusha ni za kweli, basi sehemu ya kile anachokiona ni kuku aliyechinjwa kwa ajili yake. Dawa stoo na maji ya bomba haviathiriwi na ugeni wake, na kwa hivyo aweza kuviandika bila shaka. Namna mgonjwa anavyoulizwa na kukaguliwa yaathiriwa, na hiyo ndiyo aliyoifuata mgonjwa alipotoka nyumbani.

Iko hatari ya upande wa pili, nayo haikujadiliwa vya kutosha. Mtu akisoma kwamba daktari ajua asivyotenda, upesi hufikia neno *uvivu*, na kutoka hapo hufikia adhabu. Modeli haikusema uvivu. Ilisema pengo. Tabibu mmoja anayeona umati wa watu kabla ya saa sita mchana, huku akijaza vitabu vya taarifa na kuchanja watoto, aweza kuwa na pengo pana bila ya kuwa mvivu. Bidii aliyoionyesha kwa wagonjwa 10 wa kwanza mbele ya mgeni huenda isingewezekana kwa wote waliokuwa wakingoja. Kuzoea na kuchoka vyafanana katika jedwali. Waandishi wanasisitiza motisha, na wana sababu. Mashirika yaliyofaulu, kwa maelezo yao, ni yale ambayo msimamizi wake yu karibu na ana madaraka. Lakini neno *motisha* nalo lina njia zake katika Kiswahili cha ofisi: wengi hulisikia kama posho. Mwenye kusoma tafsiri ya haraka ataagiza fedha pale ambapo makala zilikuwa zikizungumza juu ya usimamizi na heshima ya kazi.

Kwa jumla, mfululizo huu ni kazi ya kuheshimiwa. Watafiti wachache wamethubutu kukiri kwamba wao wenyewe ndio waliokibadilisha walichokuja kukitazama. Hawa wamekiri, kisha wakaifanya kukiri kwao kuwa chombo cha elimu. Udhaifu wake ni kwamba maneno yaliyozaa tarakimu hayakuhesabiwa kuwa ni jambo la kuchunguzwa. Dawa yake yajulikana. Maswali waliyoulizwa wagonjwa yachapwe kwa Kiswahili kile kile walichoulizwa, pamoja na Kimeru na Kiarusha pale vilipotumika, ili msomaji apime mwenyewe. Maneno *kupima*, *homa* na *kuridhika* yajaribiwe kabla ya kupelekwa zahanati. Na matokeo yaandikwe katika lugha ambayo tabibu wa zahanati aweza kuyasoma jioni baada ya kufunga dirisha la dawa. Maana hadi sasa, katika habari yote hii ya mgeni na mwenyeji, mwenyeji ndiye pekee ambaye hajaandikiwa yaliyoonekana nyumbani kwake.